Umeme Tuli kwa Vitu vya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Majaribio ya Chaji, Kutoka Tabora

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Fizikia nilipangiwa shule moja mkoani Kigoma, karibu kabisa na ziwa. Ilikuwa Machi, mvua zimeshika, na mada ya kidato cha pili ilikuwa umeme tuli. Nikaingia darasani na rula ya plastiki, kipande cha sufu na vijikaratasi nilivyochana usiku. Nikasugua, nikasogeza. Vijikaratasi vikatulia mezani kama vimegandishwa. Nikasugua tena mpaka jasho likanitoka, na jasho lenyewe, ambalo sikulitilia maanani wakati ule, lilikuwa linazidi kuharibu. Sauti kutoka viti vya nyuma ikasema, "Mwalimu, labda rula bado imelala." Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikaandika ubaoni kile ambacho kilitakiwa kutokea.

Miaka michache baadaye nikahamia Tabora. Asubuhi moja ya Julai mama mwenye nyumba akanisimamisha uani. "Mwanangu, hilo blanketi la mtumba nililompa mjukuu lina nini? Usiku linaalika kama chumvi iliyotupwa motoni, na mtoto anasema ameona vimulimuli." Nikamwomba nilione. Ni lile la manyoya ya poliesta, jepesi. Nilipolivuta gizani juu ya sweta, likatoa vicheche vya rangi ya samawati kwenye mikunjo yote. Nikarudi chumbani nikaitafuta ile rula ya Kigoma, nikaisugua mara tano tu. Vijikaratasi vikaruka kabla sijaifikisha.

Rula haikuwa na kosa. Kilichobadilika ni ukavu. Ukilishika hilo peke yake, majaribio yote yaliyo hapa chini yatakukubali, iwe uko Tabora, Ujiji au Kibirizi.

Chaji yenyewe ni kitu gani

Kila kitu kimejengwa kwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida idadi zinalingana, kwa hiyo meza, kikombe na mkono wako havionyeshi chaji yoyote. Vitu viwili tofauti vikigusana, kimoja kinaweza kunyang'anya elektroni kutoka kwa kingine. Ukivitenganisha, aliyenyang'anya amezidiwa na elektroni, ana chaji hasi. Aliyenyang'anywa amepungukiwa, ana chaji chanya. Protoni hazitoki kwenye viini vyake. Wanafunzi wengi huandika kwenye mtihani kwamba "chaji chanya zilihama kutoka sufu kwenda plastiki", na hapo alama huondoka.

Msuguano kwa hiyo hauumbi chaji. Kinachofanya kazi ni kugusana na kuachana. Kusugua kunazidisha tu sehemu zinazogusana. Utaliona hilo kwenye selotepu, ambayo haisuguliwi hata kidogo.

Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu, yaani utomvu wa miti wa kale uliogeuka kama jiwe, ikisuguliwa huvuta manyoya na majani makavu. Mwaka 1600 daktari Mwingereza, William Gilbert, alivipa vitu vyenye tabia hiyo jina linalotokana na neno la Kigiriki la kaharabu, "elektron", na ndiko tulikopata elektroni. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay akaonyesha kwamba kuna chaji za aina mbili. Majina chanya na hasi ni ya Benjamin Franklin wa Marekani, aliyeyatoa kwa kubahatisha, kwani hakuna aliyekuwa anaijua elektroni mpaka J. J. Thomson alipoigundua mwaka 1897. Ndiyo maana elektroni, mfanyakazi mkuu wa umeme wote huu, ikaangukia upande wa hasi.

Chaji hupimwa kwa kulombi, na kulombi moja ni kubwa mno kwa kazi zetu. Sisi tutacheza na sehemu za bilioni za kulombi. Usizidharau: sehemu moja ya bilioni ni elektroni zaidi ya bilioni 6.

Hatua ya kwanza: siku na ukavu

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mvua karibu haipo kabisa. Chagua siku ya miezi hiyo, saa nane hadi saa kumi alasiri, wakati hewa iko kavu kuliko saa nyingine zote. Asubuhi na mapema umande bado uko juu ya vitu.

Watu husema hewa yenye unyevu "inabeba umeme". Sivyo hasa. Unyevu hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya plastiki au kioo, utando huo huchanganyika na chumvi ya vidole na vumbi, na chaji inateleza juu yake mpaka mkononi mwako, kisha ardhini. Kwa hiyo dawa ni kuondoa utando. Osha vifaa vya plastiki kwa sabuni, suuza mara mbili au tatu (sabuni iliyobaki nayo inapitisha umeme), anika juani, kisha usiguse sehemu utakayosugua. Kwa walioko Kigoma wakati wa mvua, au popote penye unyevu, weka jiko la mkaa nje, pitisha bomba la PVC na kitambaa cha kusugulia (vyote viko hatua ya pili) juu yake kwa umbali wa mkono mmoja mpaka vipate joto la kuchangamka, fanya jaribio hapo hapo. Hilo lingeniokoa na kile kicheko cha Machi.

Hatua ya pili: kusanya vifaa

Kipande cha bomba la maji la PVC la nusu inchi, urefu wa sentimita 40. Fundi bomba atakupa mabaki bure. Hili ni bora kuliko rula, chanuo na kalamu zote. Sweta kuukuu la sufu halisi au soksi ya sufu; likikosekana, blanketi la manyoya linasaidia. Kanga ni pamba, na pamba hunywa unyevu, kwa hiyo usiitegemee. Nywele zinafaa kama hazina mafuta.

Utahitaji pia selotepu, chupa ya kioo ya jamu yenye mdomo mpana na mfuniko wa plastiki, sentimita 15 za waya mzito wa shaba wa nyumba, mrija wa soda, mshumaa, karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, sufuria ndogo ya alumini isiyo na masizi, chupa tupu ya maji ya kunywa, kipande bapa cha siling bodi ya plastiki, na testa ya fundi umeme, ile ya bisibisi yenye kitaa cha rangi ya chungwa ndani. Zamani ningesema pia mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku. Kifungashio cha mkate kinatosha kama unataka kujaribu.

Vitabu vingi vinakuambia usugue kioo kwa hariri ili upate chaji chanya. Achana nako kwanza. Uso wa kioo hushika unyevu upesi, na hariri halisi Tabora utaitafuta mpaka uchoke. Chaji chanya tutaipata kwa sufuria.

Hatua ya tatu: vijikaratasi, kwa macho makini

Chana karatasi vipande vidogo kama punje ya mtama. Sugua bomba kwa sufu mara kumi kwa kuvuta upande mmoja, kisha lisogeze polepole kutoka juu. Kwa sufu, PVC hupata chaji hasi.

Karatasi haina chaji, mbona inavutwa? Chaji hasi ya bomba inasukuma elektroni za karatasi kidogo upande wa mbali. Upande wa karibu unabaki na uchanya kidogo. Nguvu ya umeme hupungua haraka umbali ukiongezeka: umbali ukiwa mara mbili, nguvu kati ya chaji mbili inakuwa robo. Charles-Augustin de Coulomb wa Ufaransa alilipima hilo mwaka 1785. Kwa hiyo upande wa karibu unavutwa kwa nguvu kuliko ule wa mbali unavyosukumwa, na karatasi inaruka.

Sasa usiondoke. Kaa uangalie sekunde kadhaa. Baadhi ya vipande vitang'ang'ania, kisha ghafla kimoja kitarushwa chini kama kimepigwa kofi. Kile kimepokea elektroni kutoka kwenye bomba, sasa vyote viwili ni hasi, na chaji za aina moja husukumana. Wengi hudhani kimeanguka tu. Angalia kinavyoanguka: kinatupwa.

Bomba lililosuguliwa ukilisogeza karibu na maji yanayotoka bombani kwa uzi mwembamba, maji yatapinda kulielekea. Fungulia kidogo sana, na bomba lako lisilowe, la sivyo unarudi hatua ya kwanza.

Hatua ya nne: selotepu, ushahidi wa chaji mbili

Hili ni jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji kitu. Bandika selotepu ndefu mezani, iache hapo kama msingi. Juu yake bandika vipande viwili vya sentimita 15 kimoja baada ya kingine, kila kimoja ukikunja ncha ili upate pa kushika. Vibandue haraka, kimoja kila mkono, uvisogeze vielekeane. Vitatawanyika, migongo ikijipinda kwa kukwepana. Vimepitia mambo yaleyale, vina chaji ileile.

Rudia kwa namna nyingine. Bandika kipande kimoja juu ya msingi, na cha pili juu ya hicho cha kwanza. Vibandue vyote viwili pamoja, vipapase kwa vidole urefu wote ili chaji ya jumla iishe, kisha vitenganishe kwa haraka. Sasa vinavutana na kushikana. Kimoja kimechukua elektroni za mwenzake. Ukitaka kujua ni kipi hasi, sogeza bomba la PVC lililosuguliwa: kinachokimbia ndicho hasi.

Hatua ya tano: tengeneza elektroskopu

Elektroskopu ni kifaa cha kuonyesha kama chaji ipo. Menya ganda la plastiki la waya wa shaba wote. Toboa mfuniko wa chupa katikati kwa msumari wa moto, pitisha kipande cha mrija, na ndani ya mrija pitisha waya. Dondoshea nta ya mshumaa juu na chini ya tundu. Nta na mrija ni vihami, vinazuia chaji isikimbilie kwenye mfuniko. Ncha ya juu ya waya izungushie karatasi ya fedha uifinyange iwe goroli, isiwe na kona kali, maana chaji huvuja kwenye ncha kali. Ncha ya chini ikunje iwe kindoano kidogo.

Karatasi ya sigara ina karatasi ya kawaida nyuma yake. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, imenye taratibu, ubaki na ule utando wa fedha peke yake, uanike. Kata majani mawili, urefu sentimita 4, upana sentimita 1, toboa tundu juu ya kila moja, yatundike kwenye kindoano yaning'inie huru yakigusana. Foili ya jikoni inafanya kazi lakini ni nzito, majani yatafunguka kivivu. Anika chupa juani saa nzima ikiwa wazi, tupia ndani kale kapakiti ka vijipunje vya kunyonya unyevu kanakokuja na viatu vipya, funga.

Sogeza bomba lenye chaji karibu na goroli bila kugusa. Majani yatafunguka. Ondoa bomba, yatajifunga. Sasa gusa goroli kwa bomba, ukilivuta juu yake kama unalifuta. Majani yatabaki wazi hata baada ya kuliondoa. Elektroskopu yangu Julai hukaa wazi dakika nyingi. Februari hujifunga kabla sijamaliza sentensi. Ukigusa goroli kwa kidole, chaji inapita mwilini mwako kwenda ardhini na majani yanalala mara moja. Hiyo ndiyo ethi, ileile mafundi wanayochimbia fimbo ya shaba chini.

Kuna njia ya pili ya kuichaji, na hapa mpangilio wa mikono ndio kila kitu. Shikilia bomba karibu na goroli, usiguse. Majani yamefunguka. Bomba likiwa palepale, gusa goroli kwa kidole cha mkono wa pili; majani yatalala, kwa sababu elektroni zinazosukumwa na bomba zimekimbilia mwilini mwako. Ondoa kidole. Kisha, baada ya kidole, ondoa bomba. Majani yatafunguka tena, na safari hii chaji yake ni chanya, kinyume cha bomba. Ukiondoa bomba kabla ya kidole, elektroni zitarudi zote na hutapata kitu. Nimeona walimu wenzangu wakilaumu kifaa kwa kosa la kidole. Kuhakiki, rudisha bomba polepole: majani yataanza kujifunga.

Hatua ya sita: sufuria ya cheche

Kifaa hiki Johan Wilcke wa Sweden alikitengeneza mwaka 1762, na Alessandro Volta wa Italia akakiboresha na kukitangaza mwaka 1775. Chetu ni cha jikoni. Gundisha chupa tupu ya maji katikati ya sufuria, ndani, isimame kama mpini. Laza siling bodi mezani, uisugue kwa sufu nusu dakika nzima. Shika chupa, weka sufuria juu ya bodi. Gusa ukingo wa sufuria kwa kidole; utasikia mchomo mdogo. Ondoa kidole, inua sufuria kwa kushika chupa tu, kisha sogeza kifundo cha kidole kwenye ukingo. Tap!

Fanya gizani utaiona cheche. Hewa kavu huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili ipasuke, kwa hiyo cheche ya milimita 5 ni volti kama 15,000. Haikudhuru kwa sababu chaji ni kidogo mno na inakwisha papo hapo. Tundu la ukutani lina volti 230 tu lakini haliishiwi. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asishiriki. Pia usijaribu kukusanya cheche nyingi kwenye chupa iliyozungushiwa foili ndani na nje: kifaa cha namna hiyo kilimpiga Pieter van Musschenbroek na wenzake wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1746 mpaka wakahofia maisha yao.

Weka tena sufuria, gusa, inua: cheche nyingine. Unaweza kurudia mara nyingi bila kusugua upya. Wanafunzi wajanja huuliza nishati inatoka wapi kama bodi haipungukiwi. Inatoka kwenye mkono wako. Sufuria ni chanya, bodi ni hasi, zinavutana, nawe unazitenganisha kwa nguvu.

Sasa chukua testa. Weka kidole kwenye kitako chake kama afanyavyo fundi, gusisha ncha kwenye sufuria iliyoinuliwa. Kitaa kitamulika mara moja. Ndani yake kuna vijiti viwili, na kinachong'aa ni kile cha upande wa hasi. Angalia kwa karibu gizani: kinang'aa cha upande wa kidole chako, maana elektroni zinatoka kwako kwenda kwenye sufuria chanya. Kisha gusisha ncha kwenye siling bodi yenyewe, uiburuze. Mmuliko, kama ukitokea, utakuwa hafifu na utahamia kijiti cha pili. Kwa shilingi chache umesoma ishara ya chaji kwa macho. Watoto waelezwe mapema kwamba testa hiyo haichomekwi ukutani.

Pale isipokuwa mchezo

Cheche unayoweza kuihisi kwenye kidole ina nguvu ya kutosha kuwasha mvuke wa petroli. Tunaona watu wakijaziwa petroli kwenye kidumu kikiwa juu ya kiti cha pikipiki au kwenye bodi ya pikapu. Kiteremshe, kiweke chini ardhini, gusa kwanza chuma cha gari kwa kiganja, na mwenye bomba alegeze mkono. Mafuta yanayotiririka kasi nayo hujichaji kwa kugusana na kuta za mpira. Malori ya mafuta hufungwa waya wa ethi kabla ya kushusha kwa sababu hiyohiyo.

Mafundi simu mnaofungua simu Julai mkiwa na masweta: vijidude vya ndani vinaweza kufa kwa volti ambazo mwili hauzihisi kabisa. Vueni sweta, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kila mnapoketi.

Na radi ni umeme tuli huuhuu uliokua. Ndani ya wingu vipande vya barafu na mvua ya mawe laini hugongana na kuachana, chaji hujitenga, mpaka hewa inashindwa. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, na mawingu yake watu wa Kigoma wanayaona vizuri. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, umepata kilomita. Zikipungua sekunde 30, ingia ndani ya nyumba au gari. Mvuvi aelekeze mtumbwi nchi kavu, na aliye shambani atoke chini ya mchikichi au mwembe. Toka tena nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Majaribio ya ukurasa huu hayafanywi saa hiyo, na bomba la PVC litakuwa limeshalala hata hivyo.